Bolti za chuma cha pua 316 kwa mashua ya mbao
Nilizinunua kufungia usukani, baada ya zile za daraja la 304, ambazo muuzaji aliapa kuwa hazishiki kutu kamwe, kuota vishimo vya kahawia kabla kusi haijaisha. Siri ya 316 ni metali ya molibdeni, asilimia 2 hadi 3, inayousaidia utando wa kromi kuhimili kloridi za maji ya bahari. Sumaku dukani haizitofautishi. Tafuta alama ya A4 kichwani, kwani A2 ni ile ya 304. Juu ya maji bado zinang'aa, ila moja iliyojificha ndani ya mbao, pasipofika oksijeni, imeliwa shingoni, na hapo ningependelea shaba yenye silikoni, licha ya bei yake kuuma.