Printa ya leza kwa afisi ndogo Pemba: ulizia katriji kwanza

Mara ya kwanza kununua printa ya afisi nilitazama bei ya mashine tu. Wino ulipokwisha nikazunguka Chake Chake, nikenda Wete, nikapiga simu Unguja: katriji ya aina ile hakuna. Wiki mbili tulisubiri mzigo uje na boti kutoka Dar, na kila barua ya sheha au ya benki ikapelekwa kibanda cha fotokopi, tukilipa ukurasa kwa ukurasa. Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue printa gani, namwambia aingie dukani na swali moja: katriji yake ipo hapa hapa, leo?

Leza yenyewe sina shaka nayo. Wino wake ni unga, haukauki. Printa ya wino wa maji ikikaa wiki bila kazi, matundu yake huweza kuziba, na afisi zetu nyingi hazichapi kila siku. Za leza nazipanga hivi.

Ya kwanza: Canon MF3010. Inachapa, inatoa kopi na inaskani. Afisi isiyotoa kopi ya kitambulisho cha Mzanzibari siijui, ndiyo maana naiweka juu ya mashine zinazochapa tu. Inatumia katriji ya Canon 725, takriban kurasa 1,600, ambayo umbo lake ni sawa na HP 85A; madukani utakuta katriji mbadala, zisizotengenezwa na kampuni ya printa, zimeandikwa 85A/725 kwenye boksi moja. Mashine za katriji hizi zimeenea sana, kwa hiyo na mafundi wamezizoea. Afisi inayochapa kurasa 25 kwa siku itamaliza katriji kwa karibu miezi mitatu. Jambo jengine, dramu, yaani silinda inayopeleka unga kwenye karatasi, imo ndani ya katriji, basi ukibadilisha katriji, mistari myeusi inayochafua kurasa mara nyingi huondoka nayo. Kasoro zake: haichapi pande mbili yenyewe, haina Wi-Fi, na kopi unaweka karatasi moja moja.

Kama kopi huna haja nazo, Canon LBP6030 inatumia katriji hiyo hiyo.

Ya pili: Brother HL-L2370DN. Herufi za mwisho zina maana: D ni kuchapa pande mbili, N ni waya wa mtandao, hivyo kompyuta tatu zinaweza kuitumia pamoja. Katriji kubwa inafika kurasa 3,000. Dramu ni kifaa mbali, hudumu takriban kurasa 12,000. Usishtuke ikikudai dramu wakati wino bado upo, lakini bei yake iulizie kabla ya kununua mashine.

Ya tatu: Kyocera ECOSYS P2040dn. Kwa gharama ya kila ukurasa, hii inazishinda zote hapa. Wino wake ni kurasa 7,200 na dramu imeundwa kufika 100,000. Skuli inayochapa mitihani ingefaa iiweke ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu ya bahari tu: wino wake mara nyingi ni wa kuagiza. Ukiinunua, nunua na wino wa akiba siku hiyo hiyo, kwani unaokuja na mashine ni nusu tu.

Ya nne: HP P2055dn iliyotumika. Ni chuma kigumu, katriji 05A, kurasa 2,300. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji achape ukurasa wa taarifa za mashine. Humo imo hesabu ya kurasa ilizokwisha kuchapa. Akikataa, ondoka.

Nisizokushauri ni zile HP ambazo jina linaishia na herufi e, mfano M110we. Zinataka intaneti wakati wote na katriji halisi za HP peke yake. Katriji mbadala haziwezi kukuokoa hapo.

Hesabu za kurasa nilizotaja hupimwa kwa maandishi yanayofunika kama asilimia 5 ya karatasi. Majaduweli na nembo nzito hula zaidi.

Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS ya kompyuta, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Ndani mna sehemu inayopata joto la karibu nyuzi 200 ili unga ugande kwenye karatasi, na inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa mpigo; UPS ndogo huzima au kuharibika. Ichomeke ukutani kupitia kifaa cha kuzuia umeme kupanda.

Na wakati wa masika, rimu iliyofunguliwa ifungwe tena kwenye mfuko wa plastiki kila jioni. Karatasi iliyonyonya unyevu hujikunja na kukwama, na wengi huilaumu mashine, wakamlipa fundi kwa kosa la karatasi.