Kolamu za LS za kunasa hamira yenye chuma: zinafaa, ila zioshe seli kwanza

Kwa maabara inayojaribu kuibadilisha hamira ya mikate ili ivutwe na sumaku, kolamu ya LS (kibomba cha kutenganisha seli kwa sumaku) ya kampuni ya Miltenyi Biotec ndiyo kifaa cha kununua kwanza. Ubora wake mkubwa ni kwamba inakupa namba: seli ngapi zimenaswa na ngapi zimepita. Sumaku ya neodimiamu ikibandikwa ubavuni mwa tyubu haithibitishi lolote. Hamira huzama yenyewe, na doa linalojikusanya upande wa sumaku baada ya saa kadhaa huenda likawa kutu iliyotoka kwenye chakula chake.

Seli hizi zina sumaku hafifu mno. Njia inayojulikana zaidi ni ile ya Keiko Nishida na Pamela Silver wa Harvard, iliyochapishwa 2012: hamira hupewa jeni za feritini ya binadamu (protini inayohifadhi chuma), na jeni yake ya CCC1, inayoingiza chuma kwenye vakuoli (kifuko cha hifadhi ndani ya seli), huondolewa. Kisha hukuzwa kwenye chakula chenye chuma kingi. Tufe moja la feritini hubeba hadi atomu 4,500 za chuma, lakini chuma hicho si magnetiti, madini ya chuma yenye sumaku kali. Bakteria wenye magnetiti wana jeni zao maalumu, na mwaka 2014 jeni zipatazo 30 zilihamishiwa bakteria mwingine, Rhodospirillum rubrum, naye akaanza kutengeneza fuwele hizo. Hamira ya feritini haifiki huko, ndiyo maana inahitaji kolamu.

Ndani ya kolamu mna vijitufe vya chuma vilivyopakwa utando. Ukiiweka kwenye kishikio chake chenye sumaku ya kudumu, nguvu ya sumaku hubadilika ghafla sana karibu na kila kijitufe, na hapo hata seli dhaifu hukwama. Majimaji hushuka kwa uzito wake na hakuna kinachohitaji umeme. Stima ikipotea katikati ya kazi, kinachoathirika ni inkubeta yako, si kolamu.

Matayarisho ndiyo huharibu matokeo ya wengi. Chuma huwekwa kama sitreti ya feri, milimola 5 hadi 20 kwa lita. Huyeyuka polepole, kwa hiyo pasha maji joto, koroga, chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22, na funika chupa kwa foili kwa sababu mwanga huibadilisha. Hamira isiyo na CCC1 huumia chuma kikizidi, basi anza na kiwango cha chini upime ukuaji wake. Fosfeti iliyomo kwenye chakula hushikana na chuma na kufanya vumbi linaloganda nje ya seli. Vumbi hilo hunaswa na kolamu vilevile, nawe ukadhani umefaulu. Osha seli mara tatu kwa Tris (bafa, yaani majimaji yanayotuliza kiwango cha asidi, isiyo na fosfeti) yenye EDTA (kemikali inayoshika chuma) kabla hazijagusa PBS, maana PBS nayo ni bafa ya fosfeti. EDTA pia huachanisha seli zilizoshikamana. Zilizobaki mafungu zipitishe kwenye kichujio cha mikromita 30.

Kolamu hubeba seli milioni 100 za kunaswa, kati ya jumla ya bilioni 2. Kwa hamira, OD (kipimo cha ukungu wa majimaji yenye seli) ya 1 ni takribani seli milioni 10 hadi 30 kwa mililita, kwa hiyo mililita tatu hivi za OD hiyo zinatosha. Lowanisha kolamu kwa mililita 3 za bafa, weka seli zikiwa ndani ya mililita 1, kisha osha kwa mililita 3 mara tatu, kila mara ukingoja hifadhi ya juu iishe. Haikauki, hujizuia yenyewe. Mwisho itoe kwenye sumaku, mimina mililita 5, sukuma kwa kisukumio. Hesabu seli zilizopita na zilizonaswa. Jumla ikipungua sana kuliko ulizoweka, zingine zimebaki ndani, na asilimia yako haina maana.

Mapovu ndiyo adui mkuu. Bafa iliyotoka kwenye friji ikipata joto hutoa hewa, na kapovu kamoja kakikaa kati ya vijitufe mtiririko hukatika. Ivute hewa kwa pampu kabla ya kutumia. Na kwa kuwa tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, usiiamini geji ya otoklevu (chungu cha kutakasa vifaa kwa mvuke wa shinikizo): psi 15 hapa Nairobi hutoa kama nyuzi 118, si 121. Fuata kipimajoto.

Vidhibiti vitatu, yaani majaribio ya kulinganishia, ni lazima: hamira ya kawaida iliyolishwa chuma, hamira iliyobadilishwa isiyolishwa, na kolamu iliyo nje ya sumaku. Ukitaka kuhakikisha kolamu inafanya kazi, maabara za malaria zina kipimo kizuri cha tayari. Chembe nyekundu zenye vimelea vilivyokomaa hunaswa bila kubadilishwa chochote, kwa sababu ya chuma cha hemozoini, mabaki ya damu ambayo vimelea vimeila.

Kasoro ni gharama. Boksi lina kolamu 25, kila moja ni ya kutumika mara moja, na huagizwa kutoka nje kupitia wakala. Ulizia muda wa kufika kabla ya kulipa. Kuziosha ili zitumike tena hatukushauri kabisa: chuma cha jaribio la jana huingia kwenye namba za leo. Pia kumbuka kwamba kibali cha Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia huhitajika kwa kazi ya viumbe vilivyobadilishwa jeni hata ndani ya maabara, basi kishughulikie kabla ya oda.

Seli zilizonaswa hutoka hai. Ziotesheni kwenye agari, na zikiisha kuota zilisheni chuma upya kabla ya kuzipitisha tena, kwani kila zinapogawanyika chuma chake hugawanyika pia.