Hashcat: ni nzuri, ila usiitegemee ifanye miujiza

Tuanze na kinachowachanganya wengi: Hashcat, programu ya kukisia nywila, haifungui heshi (alama inayokokotolewa kutoka kwenye nywila na kuhifadhiwa badala yake). Heshi haigeuzwi nyuma. Programu hii inakisia neno, inapiga heshi yake, inalinganisha, kisha inakwenda kwenye neno linalofuata. Kwa hiyo kabla ya kwenda Kariakoo kutafuta kadi ya grafiki ya bei mbaya (ndiyo inayoharakisha ukisiaji), tengeneza kwanza orodha nzuri ya maneno.

Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi tangu Desemba 2015. Amri ya kawaida:

hashcat -m 1000 -a 0 heshi.txt orodha.txt

Hiyo -a 0 inasema jaribu maneno ya orodha, na -m ndiyo inayotaja aina ya heshi: 0 ni MD5, 1000 ni NTLM (ya nywila za Windows), 3200 ni bcrypt (iliyoundwa makusudi iwe ya polepole). Hapa pana mtego. MD5 na NTLM zote zina herufi 32, hivyo ukichanganya hupati onyo lolote. Itasaga orodha nzima na kuandika "Exhausted", yaani maneno yameisha. Ukiona "Token length exception" (urefu wa heshi hauendani), angalia nafasi iliyobaki mwisho wa mstari, au jina la mtumiaji lililotangulia heshi (ongeza --username).

Orodha maarufu ya nywila ya rockyou, iliyovuja 2009, ina maneno zaidi ya milioni 14, lakini Kiswahili ni kidogo mno. Jazia mwenyewe: majina ya watoto, mitaa, "mungunimwema", "yanga1935". Tofauti utaiona.

Sehemu iliyotufurahisha, na inayopaswa kuwatisha wenye mifumo, ni namba za simu. Wapo wanaohifadhi MD5 ya namba ya mteja wakiamini wameificha. Kwa -a 3 (kukisia kwa kiolezo) na kiolezo 2557?d?d?d?d?d?d?d?d, ambapo kila ?d ni tarakimu moja yoyote, kuna namba milioni 100 tu. Kadi ya grafiki ya RTX 4090 hupiga MD5 takriban bilioni 164 kwa sekunde, yaani hata hujavuta pumzi. Bcrypt ya kiwango cha 10 nayo, kwa kadi hiyohiyo, haifikishi saa tano kwa namba moja. Dawa ni HMAC, yaani heshi inayopigwa pamoja na ufunguo wa siri, ufunguo huo ukikaa mbali na hifadhidata.

Kwa mazingira ya Dar, joto la Februari si la mchezo: kadi ikifika nyuzi 90 programu inajizima. Laptopu bila kiyoyozi haifai kwa kazi ya usiku kucha. Umeme ukikatika si neno, hasa kama kazi uliipa jina kwa --session. Endelea kwa jina hilohilo la --session pamoja na --restore.

Faili la Excel lililofungwa kwa nywila halisomwi moja kwa moja. Toa heshi kwanza kwa office2john, futa jina la faili mwanzoni, ndipo utumie -m 9600 (Office 2013). Hapo mwendo ni wa kobe, kwa sababu kila kisio hupitia SHA-512 mara 100,000.

Mali iwe yako au uwe na ruhusa ya maandishi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina utani. Na ukimaliza, futa hashcat.potfile: kila nywila iliyopatikana imeandikwa humo waziwazi.