Sanduku la kioo la simbilisi: uzoefu wangu kwa hali ya hewa ya Mbeya

Hili ni sanduku la kuagiza kwa fundi aluminiamu. Urefu sentimita 120, upana 60, kimo 50. Mbele kuna vioo viwili vya milimita 5 vinavyoteleza kwenye reli, kuta nyingine na sakafu ni marine board, yaani plywood inayostahimili maji. Nimelitumia kwa simbilisi wawili, kiangazi na masika. Ukubwa huo unawatosha. Likipungua wanaanza kugombana. Fundi akikushauri MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi) kwa kuwa ni nafuu, kataa: mkojo ukipenya kwenye kingo inavimba na hairudi.

Wengi wetu tunaagiza kioo kwa kuogopa baridi ya Juni na Julai, usiku nyuzi zinaposhuka chini ya 10. Hapo ndipo sanduku linapoharibiwa, maana fundi analiziba kila upande. Asili ya simbilisi ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Baridi kavu wanaivumilia. Kinachowaua ni upepo wa moja kwa moja, unyevu na hewa ya mkojo. Mkojo ukioza hutoa amonia, nayo huunguza njia ya hewa. Ukiinamisha uso hadi usawa wa maranda na macho yakawasha, wao wameshaumia.

Kwa hiyo dai matundu mawili ya hewa: moja ubavu wa kushoto, sentimita 15 kutoka sakafuni, jingine ubavu wa kulia karibu kabisa na juu. Hewa yenye joto na unyevu inatokea juu, safi inaingilia chini. Yazibe kwa wavu wa chuma wa nusu inchi, panya wakubwa wasipite. Mfuniko wa juu nao nusu yake iwe wavu. Sanduku liwe na miguu, angalau sentimita 10, kwa sababu sakafu ya saruji ya Uyole au Makete alfajiri ni baridi mno. Usiliweke dirishani: jua likipiga kioo ndani panageuka tanuri, na simbilisi huanza kulemewa joto likipita nyuzi 27.

Taa ya vifaranga ambayo mafundi hupenda kuongeza, mimi siipendekezi kwa simbilisi wakubwa. Inawanyima giza, inaweza kuwasha majani makavu, na umeme ukikatika usiku wanapata baridi ya ghafla. Kijumba cha mbao kilichojazwa majani makavu kinatosha.

Chini tandika magazeti, juu yake maranda ya randa, sentimita 5 hadi 7. Vumbi la msumeno hapana, linaingia puani. Maranda mengi ya huku ni ya paina kutoka Mufindi. Yakinuka utomvu, yaanike juani hadi harufu iishe. Yenye rangi ya kijani yaache kabisa, huenda ni ya mbao zilizotiwa dawa. Maranda ya kona iliyolowa yatoe kila siku, yote badilisha kila wiki. Masika, na kwa watu wa Tukuyu karibu mwaka mzima, usivushe siku 4.

Silikoni ya kuzibia viungo vya sakafu ichaguliwe isiyo na dawa ya ukungu, na mnyama asiingie kabla harufu ya siki haijaisha.

Kasoro kubwa ya sanduku hili ni reli ya vioo. Ikiwa usawa wa sakafu, maranda na mkojo vinajaa humo, kioo kinakwama, ukilazimisha kinapasuka. Mwambie fundi ajenge kwanza kizingiti cha sentimita 15, reli ikae juu yake. Kioo kinakuwa kifupi na chepesi pia, na ukifungua mlango maranda hayamwagiki. Kwa reli iliyokwisha kuganda weupe wa mkojo, mimina siki, subiri dakika 10, kisha sugua kwa mswaki wa zamani.