ScratchJr darasani: programu niliyoibakisha baada ya kufuta nyingine

Nafundisha darasa la pili, na vishikwambi vya darasa langu vimeshapitiwa na programu nyingi: za kutambua herufi, za jedwali la kuzidisha, za maswali ya mashindano, za kupaka rangi. Nyingi nimeziondoa. ScratchJr imebaki, na mwalimu mwenzangu akiniuliza aanze na ipi, namtajia hiyo bila kusita.

Kwa asiyeijua, ni programu ya bure inayomwezesha mtoto mdogo kutunga hadithi na michezo yake mwenyewe kwa kupanga amri. Walioitengeneza waliwalenga watoto wa miaka 5 hadi 7. Ilitoka mwaka 2014 kwa ajili ya iPad, ya Android ikafuata, na ni kazi ya pamoja ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, MIT Media Lab na Playful Invention Company. Amri zake ni vipande vya rangi vyenye picha badala ya maneno: mshale wa kwenda kulia, mshale wa kuruka, kipaza sauti, bahasha ya kutuma ujumbe. Mtoto anaviburuta kwa kidole, anaviunganisha kutoka kushoto kwenda kulia, upande uleule anaosomea sentensi, kisha anagusa bendera ya kijani na mhusika wake anafanya alichoagizwa.

Hizo picha badala ya maneno ndizo zilizonivuta kwanza. Programu nyingi za watoto huzungumza lugha ambayo wanafunzi wangu bado hawajaimudu, na mtoto anayesikiliza maelekezo kwa lugha ngeni ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kuelewa anachoambiwa na kufikiria jibu. Mara nyingi anaacha yote mawili na kuanza kubahatisha. Kwenye ScratchJr hata asiyejua kusoma vizuri anaanza sawa na wenzake. Na anapotaka mhusika wake azungumze, anarekodi sauti yake mwenyewe kwa lugha yake. Nimewasikia watoto ambao hawanyooshi mkono darasani wakirekodi mazungumzo marefu ya simba na mbuzi, wakibadilisha sauti, wakirudia mpaka waridhike.

Lakini kilichoifanya ibaki ni kikubwa zaidi ya lugha. Programu za mazoezi hufanya kazi kwa mtindo mmoja: swali linatokea, mtoto anagusa jibu, nyota inawaka. Akikosea, anagusa jingine. Nilipokaa pembeni ya watoto na kuwatazama kwa makini, niliona vidole vinakwenda haraka kuliko macho. Nyota zinaongezeka, ila ukimpa mtoto yuleyule hesabu ileile kwenye daftari, hana la kuandika. Simaanishi kwamba mazoezi hayana maana. Jedwali la kuzidisha halijifunzi lenyewe. Namaanisha kwamba kishikwambi ni kifaa kikubwa mno kwa kazi ambayo kadi za karatasi zinaiweza.

ScratchJr haina nyota wala jibu sahihi la kugusa. Kuna kile mtoto alichokitaka na kile kilichotokea kwenye skrini, na kati ya hivyo viwili ndipo anapojifunza.

Nitoe mfano wa kazi moja. Wasichana wawili waliamua kutengeneza mashindano ya sungura na kobe, wakawachora wahusika wote wawili wenyewe kwenye sehemu ya kuchorea iliyomo humo. Jukwaa la ScratchJr lina miraba 20 kwa upana na 15 kwa urefu, na ukigusa alama ya gridi, miraba hiyo inaonekana pamoja na namba zake. Kwa hiyo kumpeleka kobe kutoka mwanzo mpaka mwisho ni hesabu: yuko mraba wa ngapi, amebakiwa na mingapi. Mara ya kwanza walimpa mingi kupita kiasi. Kobe akatoka nje upande wa kulia na kutokea tena upande wa kushoto, maana ndivyo jukwaa lilivyo. Walicheka, kisha wakaanza kuhesabu miraba kwa kidole, wakatoa, wakarekebisha. Sikuwaambia neno.

Sungura ndiye aliyewasumbua. Walimpa kipande cha kasi ya juu, lakini ilibidi alale njiani, na kipande cha kusubiri hupimwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Ukiandika 10, anasubiri sekunde moja. Waliweka 5 wakidhani ni sekunde tano, na sungura akaamka kabla hajalala. Walipogundua kwamba wanahitaji 50, mmoja wao aliruka kitini. Kuzidisha kwa kumi nilikuwa nimewafundisha ubaoni kwa muda mrefu. Hapo kulikuwa na sababu ya kuhitaji kuzidisha huko. Mwishoni walitumia kipande cha kuanza wahusika wanapogusana, kobe akifika kwenye mti, mti unatamka jina la mshindi.

Kipande cha kugeuka nacho nakipenda sana. Zamu 12 zinamzungusha mhusika duara zima, kwa hiyo tunapofundisha saa, watoto wanachora mkono wa saa na kuugeuza: 3 ni robo, 6 ni nusu. Mtoto anayebishana nawe kwamba 6 ni nusu ya mzunguko, huku akikuonyesha kwenye skrini, ameanza hesabu za sehemu bila kuogopa jina lake.

Mawazo haya si mapya. Mwaka 1967 Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig walianza Logo, lugha ya kuiamuru kompyuta, ambayo baadaye ilijulikana sana kwa kobe wake anayetii amri za watoto. Papert aliwataka watoto wafikirie mwendo wa kobe kwa miili yao wenyewe, na mimi nafanya hivyo kabla ya kugawa vifaa. Tunachora miraba kwa chaki sakafuni, mtoto mmoja anakuwa mhusika, wengine wanamwamuru: mbele miwili, geuka, ruka. Akigonga ukuta, darasa linajua amri ipi imekosewa. Dakika hizo chache za sakafuni zinapunguza maswali yote ya "mwalimu, mbona haendi?" yatakayokuja baadaye.

Kuhusu mgawanyo, nashauri kishikwambi kimoja kwa watoto wawili, hata kama shule inavyo vya kutosha kila mtoto. Mmoja anagusa, mwingine anaeleza, kisha wanabadilishana nikipiga kofi. Mtoto akiwa peke yake anazama kimya kimya. Wakiwa wawili lazima mmoja aseme anachotaka kwa maneno yanayoeleweka, na mwenzake ambishie. Kelele inaongezeka, ni kweli. Naivumilia kwa moyo wote kwa sababu nikiisikiliza, ni kelele ya "toa hiyo, weka mbili".

Kurekodi sauti katikati ya kelele hiyo hakuwezekani, hivyo kona moja ya darasa nimeitenga. Anayetaka kurekodi anakwenda huko na mwenzake.

Sasa mambo ambayo mwalimu anatakiwa kuyajua mapema. Kazi za watoto huhifadhiwa ndani ya kifaa chenyewe. Hakuna akaunti, hakuna nenosiri, jambo linalonifurahisha kwa upande wa faragha ya watoto, lakini maana yake ni kwamba mtoto aliyeanza hadithi kwenye kishikwambi namba 4 hataikuta kwenye namba 7. Vyangu nimevibandika namba mgongoni na kila jozi inajua ya kwake. Ukiifuta programu, kazi nazo zinakwenda, kwa hiyo anayesafisha vifaa aambiwe. Ipo njia ya kutuma kazi kwenda kifaa kingine, na kwa zile ambazo mtoto anataka mzazi azione, narekodi skrini ikicheza.

Haitakupa ripoti yoyote ya maendeleo. Hutaona mtoto gani amepata asilimia ngapi. Mimi natembea na daftari dogo, naandika nilichokiona na nilichokisikia, na mwisho wa kipindi jozi moja au mbili zinaonyesha kazi yao mbele ya darasa na kueleza kila kipande kinafanya nini. Anayeeleza ameelewa, anayebabaika najua pa kumrudisha.

Ina mipaka pia kwa mtoto anayekimbia mbele. Kazi moja haiwezi kuzidi kurasa nne, na hakuna kipande cha kuhesabu alama wala cha kusema "ikiwa hivi, fanya vile". Wanaofika hapo, kwa kawaida wakikaribia miaka minane, nawahamishia kwenye Scratch yenyewe, programu kubwa ambayo ScratchJr imetokana nayo, iliyotoka mwaka 2007 na kulengwa kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Huko vipande vina maneno, na lugha ya maneno hayo unaweza kuichagua.

Faida moja ambayo walimu wengi wataithamini: ikishawekwa haihitaji intaneti. Haina matangazo wala kitu cha kununua katikati ya mchezo. Nazima mtandao kabisa kipindi kinapoanza, na nusu ya vishawishi vinaondoka. Nusu nyingine naiondoa kwa kukifungia kifaa kwenye programu moja. iPad zina mpangilio huo kwenye sehemu ya mahitaji maalumu tangu mfumo wa iOS 6 wa mwaka 2012, na vifaa vya Android kuanzia toleo la 5 vinaruhusu kubandika programu isitoke mpaka mwalimu aruhusu. Ziweke nywila mwenyewe; watoto wa miaka saba wanakariri namba ulizobonyeza kwa kukutazama mara moja.

Mengine ni ya kawaida ya kila chombo cha darasa. Chaji jioni, si asubuhi. Punguza mwanga wa skrini, macho yatapumzika na betri itadumu. Mikono ikaushwe kwanza. Na kipindi kisivuke nusu saa, kwa sababu baada ya hapo naona mabega yameinama na wahusika wameanza kuruka bila mpango.

Mwalimu anayetaka kuijaribu asianze na mafunzo marefu. Aifungue nyumbani, amfanye paka aliyemo avuke jukwaa na kurudi alikotoka, kisha aliombe darasa lake lifanye hivyohivyo. Kipindi cha pili wape mandhari mbili na uwaulize mhusika afanye nini akifika ya pili. Cha tatu watakuwa wanakuonyesha vipande ambavyo wewe hujavigusa bado.