Darubini ya Dobson inchi 8: hii nati ya katikati imenitoa roho

Asalamu alaykum watazamaji wangu, karibuni tena. Leo niko uwani kwetu hapa Chake Chake, tumeshasali Isha, na hii ndiyo ile Dobson ya inchi 8, darubini ya kioo inayozunguka juu ya kitako cha mbao, mnayoniuliza tangu mzigo uliposhuka botini. Habari za kioo, kwamba kinakusanya mwanga umbali wa milimita 1200, na mengineyo mnazijua, kila chaneli imeshasema. Mimi nimekaa nayo wiki tano, na kuna kitu kimoja kinanikera kila siku ya Mungu. Ngoja nisogeze kamera. Hii hapa. Hii nati.

Kitako ni mbao mbili za duara. Ya chini imesimama kwenye miguu, ya juu imebeba sanduku la darubini, na kati yao kuna beringi bapa, pana kama sahani. Bolti imetoka mbao ya chini, ikapita katikati, na huku juu imefungwa nati kubwa ya plastiki ya kukaza kwa vidole. Ukikaza, kitako kinakuwa kizito kuzunguka. Ukilegeza, kinakuwa chepesi. Wazo zuri sana, na mimi ndilo lililonifanya niinunue.

Sasa tizameni. Nakaza mpaka pale ninapopapenda. Nasukuma kwa kidole: kinakwenda, nikiachia kinasimama palepale. Safi. Nachora mstari wa chaki juu ya nati, uelekee mlango wa jikoni. Haya, naizungusha darubini kushoto, kama mtu anayetafuta nyota. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Chaki iko wapi? Imeelekea mpapai! Nati imeburutwa na sanduku na imejifungua yenyewe. Naigusa tena kwa kidole... mmeona? Inakwenda kama feni. Nikizungusha kulia mara tatu, inajikaza mpaka inagoma.

Mtu atasema hilo jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Ukiweka lenzi ya jicho ya milimita 6 unapata ukuzaji wa mara 200, yaani 1200 gawa kwa 6, na hapo Mushtarii inavuka duara zima la lenzi kwa kama dakika 1, kwa sababu dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa. Kwa hiyo kazi yako usiku kucha ni kuisukuma darubini kidogo kidogo, unywele kwa unywele. Kitako kikiwa chepesi, ukisukuma unaipita sayari, ukirudisha unaipita tena, na huu upepo wa kaskazi nao unasukuma upande wake. Kikiwa kizito kinang'ang'ania, kisha kinaruka ghafla.

Na sisi wa Pemba tuna yetu peke yetu. Chake iko kama nyuzi 5 na robo kusini ya ikweta. Ile nebula, yaani wingu la gesi na vumbi, ya kundi la nyota la Jabari, chini ya zile nyota tatu zilizojipanga, nayo iko nyuzi 5 na kitu kusini. Maana yake, mwezi huu wa Januari, kama saa 4 usiku, inapita juu ya utosi wetu kabisa kabisa! Ni bahati kubwa, ila Dobson ndipo inapokwama. Nachukua rula. Bomba likiinama nyuzi 30, mdomo wake uko kama sentimita 52 kutoka kwenye bolti, unasukuma kwa raha. Nalinyanyua mpaka nyuzi 80... zimebaki sentimita 10. Nguvu inayotakiwa ni mara tano! Na Jabari anapovuka utosi, sanduku linatakiwa ligeuke kutoka mashariki hadi magharibi kwa muda mfupi tu. Hapo ndipo unapotaka msuguano wako ukae ulipouweka.

Kuna wanaotumia vipande vitatu vya tefloni, ile plastiki inayoteleza, juu ya fomeka, lile bamba gumu la kufunikia meza, badala ya beringi. Ndiyo njia ya John Dobson mwenyewe, yule mtawa wa San Francisco aliyekuwa akisugua vioo vya madirisha ya meli kuvifanya vioo vya darubini. Nimeshatumia ya rafiki yangu kule Unguja. Wallahi ni tamu, nguvu ya kuanza na nguvu ya kuendelea karibu zinalingana. Lakini vumbi likiingia inakwaruza, lazima uifungue uifute. Mimi beringi bado naipenda, ugomvi wangu ni nati.

Dawa nimeipata kwa fundi baiskeli. Nati ya plastiki nimeitoa. Nimekata visahani viwili kwenye dumu la mafuta ya kupikia, nikavitoboa katikati, nikavipanga hapa viteleze kimoja juu ya kingine. Juu yake washa ya chuma, kisha nati mbili za kawaida, moja inaibana mwenzake kwa spana mbili. Nazungusha kushoto mara kumi. Chaki haijatikisika! Gharama yote haifiki bakuli la urojo, wakati usafiri wa huu mzigo wa kilo 20 na kitu umenikausha mfuko.

Wiki iliyopita mngeniuliza kama mnunue, ningesema hapana, tena kwa hasira. Leo nasema nunueni, na siku hiyohiyo mpitie kwa fundi baiskeli. Na kitu kikiwa utosini, msisukume bomba, shikeni sanduku lenyewe kwenye pembe.

Kabla sijasahau, Ijumaa tunaipeleka skuli, wanafunzi wameomba waone pete za Zohali, nikawaambia msimu huu Jabari kwanza. Bonyezeni kengele. Ee, wingu limeondoka. Saa 4 na dakika 10. Nazima taa, mtaniwia radhi, huyu hangoji mtu.