Mbagala na Chanika: kupandisha ghorofa au kufungua shule mpya?

Tangu ada ifutwe mwaka 2016, madarasa ya pembezoni mwa Dar es Salaam yamefurika. Mkoa ulikuwa na watu milioni 4.36 mwaka 2012; sensa ya 2022 ikahesabu milioni 5.38, na wengi wa walioongezeka wako huko pembezoni.

Ghorofa juu ya shule iliyopo haihitaji kiwanja wala fidia, na hilo ndilo linaloibeba Mbagala, ambako nyumba zimebanana hadi ukutani mwa shule. Lakini madarasa yakiongezeka, vyoo, maji na uwanja wa kuchezea hubaki vilevile. Mtoto anayepanga foleni ya choo mapumziko yote amenyimwa mapumziko, na hilo linaniuma kuliko uhaba wa madawati.

Shule mpya hupunguza safari, na darasa la wanafunzi 45, kama mwongozo wa serikali unavyotaka, linawezekana. Kikwazo ni ardhi: watu hujenga kwanza, upimaji unafuata.

Mimi ningepandisha Mbagala. Chanika na Msongola bado kuna mashamba. Halmashauri ivinunue viwanja vya shule sasa, kabla madalali hawajavikata vipandevipande.